Mume anataka tuhamie Kibaha, na hadithi zangu anaziita utoto

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sinza, nashika hesabu kwenye duka moja la jumla Kariakoo. Mume wangu ni fundi umeme. Hanywi, hanipigi, hela ya kula haikosekani. Hilo nalisema mapema usije ukaniambia niachane naye.

Tumepanga vyumba viwili na sebule, kodi tunalipa miezi sita sita, na kila mkataba ukiisha mwenye nyumba anapandisha. Miaka kadhaa nyuma mume alinunua kiwanja Kibaha, ndani kidogo ukitokea Kwa Mathias. Tumejenga mdogo mdogo. Hela zangu za kikoba zimeingia kwenye msingi na kwenye bati. Sasa nyumba imepauliwa, vyumba viwili vina milango, madirisha yana nondo lakini hayana vioo. Lipu hakuna, sakafu ni zege. Mume anasema tuhamie hivyo hivyo, kibishi, hela tunayompa mwenye nyumba ndiyo itakayonunua saruji ya kumalizia. Mkataba wetu unaisha mwezi wa saba na hataki kusikia habari ya mwingine.

Mimi si kwamba sitaki kwangu. Nani hataki kwake? Ila kutoka pale ni bodaboda mpaka barabarani, elfu mbili, mvua ikinyesha elfu tatu. Kisha daladala mpaka Kimara, kisha mwendokasi mpaka Gerezani. Duka linafunguliwa saa mbili na bosi wangu hana utani na kuchelewa. Mwenzangu mmoja kazini anaishi huko huko, saa kumi usiku yuko macho, na wanawe anawaona wakiwa wamelala, asubuhi na usiku. Halafu binti yangu mkubwa yuko darasa la saba, mtihani wao ni Septemba.

Jambo la pili naona aibu hata kuliandika. Mimi ni mwandishi wa hadithi. Si hadithi zangu hasa. Kuna tamthilia moja ya Kituruki, ya mambo ya jumba la Sultani, ilionyeshwa kwa Kiswahili. Mlikuwa na mjakazi wa jikoni, msichana tu, alionja chakula cha bibi yake kikiwa na sumu akafa. Akafa, akazikwa, na sehemu iliyofuata hata jina lake hawakulitaja, kama vile kimekufa kuku. Anti, nilikasirika nisipate usingizi. Nikachukua simu nikaandika kwamba hakufa. Aliitapika ile sumu, akatoroka na msafara wa wafanyabiashara, akafika Jidda, akapanda jahazi la kaskazi mpaka Unguja. Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa ile tamthilia. Asubuhi nakuta watu wananidai sehemu ya pili.

Nimepita sehemu ya arobaini sasa. Wengine wakanishauri niiweke na Wattpad, ule mtandao wa kusomea hadithi, nimeiweka. Nina wasomaji Mombasa, nina wa Bujumbura, na kuna dada mmoja Mtanzania anafanya kazi za ndani Muscat, ananitumia sauti usiku, anasema yule mjakazi ni yeye. Naandika watoto wakishalala, kuanzia saa nne mpaka saa sita hivi, wakati mwingine hupitiliza.

Mume wangu anauita huo utoto. "Mtu mzima na akili zako unawaendeleza watu wa kuigiza, tena wa watu wengine?" Kuna siku alishika simu akakuta mtu ameandika "Sultani atakufuata mpaka Unguja, jiandae," akaniuliza huyo Sultani ni nani na anafanya kazi wapi. Nilicheka, yeye hakucheka. Juzi tukizungumzia Kibaha nikamwambia kule mtandao unasumbua. Akasema, "Afadhali, utalala."

Hilo neno limenikaa, Anti. Naona kama ananihamisha ili niache.

Na mwenye kundi ananishawishi tuanze kutoza shilingi elfu moja kwa wiki, asiyelipa asisome. Ndugu yangu aliyesoma sheria anasema hapo nitakuwa mwizi kabisa, maana hata sasa ni nusu mwizi. Je, ni kweli? Na je, nikatae kuhama?

Mama wa Wawili, Sinza.

Nimesahau: mama mkwe naye anasema tukishahamia atakuja kukaa nasi.

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kwanza, mimi si mvunja ndoa za watu. Wanaoambiwa waachane huwa wameandika mambo ambayo wewe, namshukuru Mungu, hukuyaandika.

Nimeisoma barua yako na zile sehemu za hadithi ulizoambatisha. Umeniletea kesi mbili, Kibaha na mjakazi. Zimefungwa pamoja na neno moja la mumeo, lile la "afadhali, utalala". Tulitoe hilo kwanza. Inawezekana kweli anataka uache kuandika. Inawezekana pia ni mwanamume anayelala pembeni ya mwanga wa simu kila usiku mpaka saa sita, na siku hiyo kachoka, likamtoka. Mimi sijui ni lipi, na wewe pia hujui, kwa sababu hukumuuliza. Ulinuna. Ningekuwa wewe ningeuliza kabla ya kujenga hadithi ya sehemu arobaini juu ya neno moja, na kwa kujenga hadithi nakuona ni hodari.

Sasa Kibaha. Wasomaji wangu wengi wa mjini wakitajiwa Kibaha, Chanika, Bunju au Mapinga hujibu kana kwamba wametajiwa kifungo. Naomba nikukumbushe Sinza yako hiyo ilikuwa nini. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Waliopewa viwanja wakati ule nao waliambiwa na ndugu zao wa Kariakoo na Ilala kwamba wanakwenda porini. Leo kodi ya porini hapo unaijua wewe. Na mumeo si mtu wa ajabu. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu milioni 1.1 hivi; ya 2022 ikawakuta milioni 2 na ushei. Katika miaka hiyo hiyo Dar es Salaam ilitoka milioni 4.36 ikafika 5.38. Si wote waliojaa Pwani walitoka Dar, lakini ukisimama Kimara jioni utawaona wengi wao kwenye foleni, wameshika mifuko ya misumari na rola za kupakia rangi.

Kwa hiyo hesabu ya mumeo, upande wa shilingi, iko sawa. Kodi ya miezi sita mkiiweka kwenye saruji inabaki kwenu. Mkimpa mwenye nyumba haitarudi, na mkataba ujao itakuwa imeongezeka. Hapo usimpinge, utashindwa, na utashindwa kwa haki.

Kilichokosekana kwenye hesabu yake ni saa, tena saa zako wewe. Yeye ni fundi. Leo ana kazi Mbezi, kesho Mlandizi, keshokutwa Tabata. Akihamia Kibaha kuna kazi atazisogelea na nyingine atazisogea mbali, na akichelewa nusu saa anampigia mteja simu. Wewe unakwenda sehemu moja kila siku, saa ile ile, kwa bosi asiye na utani. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 ulitupunguzia sana adha ya Barabara ya Morogoro, sikatai, ila njia yake maalumu inaanzia Kimara. Kabla ya Kimara una bodaboda gizani na daladala ya kugombania, na Kimara yenyewe saa kumi na mbili asubuhi unajua ilivyo: mabasi mawili yanajaa na kuondoka mbele yako, la tatu unaingia kwa kusukumwa, mkoba umeubana kifuani. Jioni unayarudia yote, safari hii ukiwa na mboga mkononi. Ukifika ni saa mbili na nusu ukijitahidi. Upike, uangalie madaftari, ufue sare. Hiyo ndiyo itakayoua hadithi yako. Mtandao wa Kibaha hauna kosa. Na uchovu huo hautaishia kwenye hadithi. Utakula na maongezi yenu wawili, jambo ambalo mumeo, kama ni mtu mwenye akili kama ulivyomweleza, hatalipenda.

Usimwambie "sitaki". Mwambie twende tukajaribu. Shule zikifunga mwezi wa sita, chukueni magodoro, majiko na ndoo, mkakae kule wiki nzima ya kazi, na wewe uende Kariakoo ukitokea kule, Jumatatu mpaka Jumamosi. Asikusindikize kwa gari la rafiki yake. Mwombe siku moja mfuatane, mtoke pamoja alfajiri na mrudi pamoja jioni kwa usafiri wa umma. Maneno mengi ambayo umeshindwa kumwingiza kichwani atayaingiza mwenyewe akiwa amesimama kwa mguu mmoja maeneo ya Ubungo.

Kuhamia kibishi silaumu. Mji huu umejengwa na watu waliohamia kibishi. Lipu inasubiri. Gipsamu, vigae, rangi, geti, hivyo vyote ni mapambo, vinasubiri hata miaka mitano, na wageni watakaocheka ni wale wale wanaopanga. Lakini choo hakisubiri. Wala nyavu za madirishani hazisubiri: nyumba ya Pwani yenye nondo bila nyavu inafuga mbu, na fedha mliyookoa kwenye kodi mtaipeleka zahanati. Umeme naamini mumeo ameuangalia, itakuwa aibu ya mwaka fundi umeme akalale na kibatari, ila muulize zinahitajika nguzo ngapi kutoka mlipo, maana nguzo ndizo hupandisha gharama. Maji ndiyo ya kuuliza mara mbili. Watu wa njia hiyo hujifariji kwamba bomba kubwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, linapita kwao kwenda Dar. Linapita kweli. Kupita kwa bomba si kuwa na maji. Wako wanaolisikia likivuma huku wakinunua maji ya boza. Ulizeni majirani wa pale wanapata maji siku ngapi kwa wiki, msimuulize aliyewauzia kiwanja. Na simtanki iwe imekaa juu ya mnara wake kabla kabati la nguo halijapanda gari.

Halafu huyu mtoto wa darasa la saba. Hapa sina majadiliano. Mwezi wa saba kumtoa mtoto shule ana mtihani Septemba, hapana. Ama mwombeni mwenye nyumba miezi mitatu badala ya sita, wengine hukubali ukiongea nao kwa adabu na fedha mkononi, ama mlipe hiyo sita na mhame Desemba, mdogo aanze shule mpya Januari pamoja na wenzake. Ukiliweka hivi mumeo hataona kuwa unamkatalia. Unampa tarehe, na tarehe ni kitu ambacho fundi anakielewa.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza na nalitia mwenyewe. Umesema mume "alinunua" kiwanja, na hela zako za kikoba ziko kwenye msingi na kwenye bati. Karatasi ya mauziano ina jina la nani? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hilo linakulinda. Ila sheria hiyo hiyo, kifungu kinachofuata, inachukulia mali iliyopatikana kwa jina la mmoja kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuthibitisha kunataka vielelezo, na wanawake wengi wanaokuja kwangu vielelezo vyao viko kichwani. Tunza risiti za bati. Tunza daftari la kikoba. Na siku mnapopimiwa na kuomba hati, ombeni kwa majina mawili, umiliki wa pamoja upo kisheria na hauna uchokozi wowote. Mseme mkiwa mnacheka, siku mliyokula vizuri. Mkisubiri mpaka mgombane, jina lako litaonekana silaha.

Sasa tuje kwa mjakazi wetu.

Mumeo anasema ni utoto kuendeleza watu wa mwingine. Muulize Abunuwasi ni wa nani. Yule alikuwa mshairi wa kweli, wa Baghdad, zama za Harun Rashid, na aliyoyaandika mengi yalikuwa ya mvinyo na mapenzi. Bibi zetu wa pwani walimchukua, wakamvika ujanja, wakamtungia visa vya kumchezea mfalme ambavyo mwenyewe hakuvisikia kamwe, na hakuna aliyeomba ruhusa. Washairi wetu wakubwa walikuwa na takhmisa: unachukua beti za mwenzako za mishororo miwili, unaongezea mitatu yako kwenye kila ubeti, inakuwa mitano, na msikilizaji anafurahia kusikia wawili wakisema kwa pamoja. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliyafanyia hivyo mashairi ya Fumo Liyongo, na hakuna anayemwita mtoto. Na Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotuletea mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni akishangaa, kila aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes alimtambua babu yake. Tofauti ni kwamba Bwana Msa alipewa jina lake, mji wake na ujanja wake. Hilo lishike, nitalirudia.

Huko nje jambo hili lina watu wengi na heshima yake. Kuna hifadhi ya mtandaoni inaitwa Archive of Our Own, ilifunguliwa 2009, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, ambayo ni tuzo kubwa ya fasihi ya kubuni sayansi na mazingaombwe. Mumeo hahitaji kuyajua hayo yote. Wewe nakuambia ili uache kuandika kama mwizi wa kuku.

Na raha yake naielewa. Mwandishi wa kawaida anatumia kurasa nyingi kumfanya msomaji amjali mtu asiyemjua. Wewe msomaji wako anakuja tayari anamjua mjakazi, anajua jiko, anajua bibi yake alivyo na roho mbaya, na anakuja na hasira ile ile uliyokuwa nayo wewe. Unaanzia pale uchungu ulipo. Tena anakujibu usiku ule ule. Mwandishi wa vitabu anakaa miaka miwili bila kujua kama kuna aliyecheka. Wewe dada wa Muscat anakutumia sauti kabla hujazima taa. Huyo dada mtazame vizuri. Anaishi nyumba ya watu, anaonja chakula cha watu, na wewe umemwandikia mjakazi aliyetoka mlango wa nyuma akapanda jahazi. Sioni utoto hapo.

Lakini nami ni msomaji, na sitakusifia tu. Hadithi nyingi za aina hii ni mbovu. Watu wanakumbatiana toka mstari wa kwanza, hakuna mtu ana njaa, hakuna mtu ana kazi, kila baada ya aya mbili mtu anazimia. Na zako, zile sehemu anazorudi Sultani, na mimi nilizimia. Anasema maneno marefu ya tamthilia, unamsikia kabisa yule aliyemtilia sauti ya Kiswahili. Ila ile sehemu mjakazi anatafuta chumba Mji Mkongwe, mwenye nyumba anamwambia kodi ya miezi sita mbele, naye anahesabu bangili zake moja moja na kumwachia mbili tu, na mzee anaziuma kwa jino kuhakikisha, nilisoma mara mbili. Yule mwenye nyumba hatoki Istanbul. Yule anakaa Sinza, na naamini kila mkataba ukiisha anapandisha.

Hapo ndipo jibu la ndugu yako mwanasheria linapoingia. Ana haki kwa sehemu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa kazi nyingine. Duniani wenye kazi wengi huwaachia mashabiki mradi hawauzi. Wako waliokataa kata kata, kama marehemu Anne Rice, mwandishi wa Marekani, na hadithi zake za vampaya, wale wafu wanyonya damu. Hata ile hifadhi niliyokutajia hairuhusu mtu kufanyia biashara humo. Kwa hiyo kuandika bure kwa wapenzi wenzako, endelea, ukijua kwamba mwenyewe akikwambia ondoa, unaondoa. Kutoza elfu moja kwa wiki kwa Sultani wa watu, usithubutu. Na huyo mwenye kundi aliyekuja na wazo hilo, muulize fedha zingeingia kwenye simu ya nani. Nina hakika jibu litakufundisha kitu.

Ukitaka hela, na sioni ubaya wa kutaka hela, fanya walivyofanya waliokutangulia. E. L. James wa Uingereza alianza kwa kuandikia mtandaoni wahusika wa Twilight, riwaya za mwandishi mwingine, baadaye akabadili majina na mahali, kitabu kikatoka 2011, na kilichotokea benki yake kila mtu amesikia. Sikwambii uandike mambo ya chumbani kama yeye, watoto wako wanajua kusoma. Nakwambia mjakazi wako tangu aliposhuka Unguja hana tena haja na Sultani. Mpe jina jipya. Sumu igeuze kuwa kitu kingine, jumba liwe nyumba ya tajiri yeyote wa bandari yoyote, anza hadithi akiwa tayari yuko ndani ya jahazi anatapika. Wahusika wote wa Unguja ni wa kwako, wenye nyumba, wachukuzi, yule bibi muuza kahawa mwenye mdomo. Andika upya, kisha nenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukaisajili kwa jina lako, ndipo mzungumze habari za elfu moja. Ile ya zamani iache kwenye kundi, bure, watu wasije wakasema umewanyang'anya.

Kuhusu mumeo na simu. Usimsomee mahaba. Msomee ile ya bangili, Jumapili mchana, umeketi, kwa sauti, bila kumwambia ni mafunzo. Yeye ndiye aliyekuwa akimlipa mwenye nyumba yule miaka yote hii, atamtambua. Asipocheka hapo nitashangaa. Na wewe nawe weka mpaka: saa nne mpaka saa tano, tena sebuleni si kitandani, na siku mbili kwa wiki simu ilale mapema. Hii si adhabu. Mtu anayeamka kwenda Kariakoo kila siku akiandika mpaka saa sita, ndiyo maana Sultani anaanza kusema hovyo.

Mkihama, na naona mtahama, chumba kimoja kati ya hivyo kiwe na meza na soketi karibu na dirisha. Mumeo ni fundi umeme, soketi moja haimgharimu kitu. Muombe aitie sasa kabla lipu haijapigwa, maana baadaye atakuambia hataki kukata ukuta.

Na mama mkwe. Umemtaja mstari mmoja, tena baada ya kutia sahihi. Nimemwona. Vyumba vyenye milango ni viwili, watoto ni wawili, na yeye anakuja kukaa, hajasema anakuja kutembea. Hilo liandikie barua yake.